Kisigino kinachoma kama msumari ukikanyaga chini asubuhi: mwaka wangu mzima na maumivu ya unyayo (uzi mrefu)

Mwalimu_wa_Pwani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za saa hizi. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mrefu, na mwaka jana nilitafuta sana mtu wa kunieleza haya nikamkosa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga, umri miaka 46. Darasa langu lina watoto mia na ushee. Kwa wingi huo ukikaa, wa nyuma hawakuoni na wa mbele wanaanza kupigana vikumbo. Kwa hiyo nasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, juu ya sakafu ya sementi, na viatu vyangu miaka yote vilikuwa simpo za soli nyembamba kama chapati. Nikirudi nyumbani navivua mlangoni, natembea peku kwenye vigae.

Februari mwaka jana niliamka alfajiri, nikaweka mguu wa kulia chini, nikaruka. Nilijua nimekanyaga msumari. Nikakaa kitandani, nikaugeuza unyayo, nikaumulika kwa tochi ya simu. Hakuna mwiba, hakuna uvimbe, hakuna hata mchubuko. Nikachechemea mpaka msalani nikatawadha, na nilipomaliza kuswali maumivu yalikuwa yameshuka. Mpaka nafika shuleni nimesahau. Kesho yake hivyohivyo. Hapo ndipo kinapokudanganya: kinauma vikali hatua ishirini za kwanza, kisha kinatulia, unasema kimepona. Jioni kinarudi. Ukikaa kwenye daladala nusu saa, ukishuka, kinaanza upya.

Nikapoteza miezi minne. Kwanza niliambiwa ni gauti, ule ugonjwa wa asidi ya yuriki kuzidi na kuumiza viungo, nikaacha nyama, dagaa na maharage miezi miwili bila kipimo chochote. Nilipokuja kupima, asidi ya yuriki ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha nikapigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mfupa umeota kwenye kisigino. Wanajamvi, lile neno "mfupa umeota" lilininyima usingizi. Nilikuwa naona kabisa ncha ya mfupa inachoma nyama kila ninapokanyaga. Nikaanza kuulizia gharama za upasuaji.

Aliyenitoa gizani ni mtaalamu wa fiziotherapia. Alinibonyeza kwa kidole gumba mahali pamoja tu, chini ya kisigino upande wa ndani, kuelekea katikati ya unyayo. Nikapiga kelele. Akakivuta kidole gumba cha mguu kwenda juu, maumivu yakaja palepale. Kisha akanieleza, na namwandikia kila mtu maelezo yake.

Chini ya ngozi ya unyayo kuna mkanda mgumu, mweupe, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika mpaka kwenye mizizi ya vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa unyayo usilale chini. Kila ukipiga hatua na vidole vikapinda kwenda juu, mkanda unakazwa kama kamba ya tanga inayovutwa kwenye roda. Ukiuchosha kuliko unavyoweza kujijenga, unachakaa pale ulipojishika na mfupa. Ugonjwa huo wanauita plantafasaitisi. Usiku unapolala, vidole vinaelekea chini, mkanda unajikunja na kukakamaa. Asubuhi unaukunjua kwa ghafla na uzito wa mwili mzima. Ndiyo sababu ya msumari wa alfajiri.

Na mfupa ulioota? Alinambia wako watu wengi wenye mfupa huo ambao hawajawahi kuumwa, na wako wanaoumwa vibaya wasio nao. Picha ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Nilivuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu Februari.

Akanambia pia jambo ambalo sikulipenda: wengi wanapona bila kisu, lakini huhesabiwa kwa miezi, mara nyingi hadi mwaka. Nilitaka dawa ya wiki mbili. Haipo. Nafikiri kinachotuchosha wengi ni hapa, tunajaribu kitu siku tano, hakileti nafuu, tunakimbilia kingine.

Nilichofanya ni hiki.

Kabla ya kushuka kitandani: nakaa, naupandisha mguu mbovu juu ya goti la pili, navishika vidole navivuta kuelekea muundi mpaka nahisi mkanda umekaza kama waya chini ya unyayo. Nahesabu mpaka 10, naachia. Mara 10. Narudia mchana na jioni. Zoezi hili limepimwa Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003, kwa watu waliokuwa wameumwa miezi kumi na zaidi, na waliolifanya walipata nafuu kuliko waliokuwa wananyoosha shavu la mguu peke yake. Kwangu ndilo lililoondoa msumari wa kwanza. Siku nikisahau, mguu unanikumbusha.

La pili ni la kujenga nguvu, na nililiogopa sana. Unasimama kwenye ngazi, chini ya vidole umeweka taulo iliyokunjwa ili vidole vipinde juu. Unanyanyua visigino kwa kuhesabu 3, unakaa juu kwa 2, unashuka kwa 3. Siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Nilianza kwa miguu yote miwili, nikaja kwenye mguu mmoja, mwishowe nabeba begi la madaftari ya wanafunzi mgongoni. Hili linatoka kwa watafiti wa Denmark, 2014. Waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu kuliko wa kunyoosha tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, kwa hiyo asiyeweza asikate tamaa.

La tatu, na kwa maisha yetu naliona kubwa kuliko yote: niliacha kukanyaga sementi kwa mguu mtupu. Kobazi yenye kisigino kinene iko pembeni ya kitanda, mguu unatoka kwenye shuka unaingia kwenye kobazi. Jikoni nimetandika mkeka umekunjwa mara nne pale ninaposimama kukuna nazi na kusonga ugali. Darasani nilimwomba mwalimu mkuu stuli ndefu, ile ya maabara. Nikikaa juu yake kichwa changu kiko palepale kilipokuwa nikisimama, watoto wote wananiona. Miaka 20 nimefundisha bila kufikiria stuli.

Kwa Waislamu wenzangu: kikao cha tahiyatu kilinitoa machozi. Mguu wa kulia umesimama, vidole vimekunjwa kuelekea kibla, na ni mguu uleule. Wiki kadhaa niliswali kwenye kiti, na dini imeruhusu kwa mwenye udhuru. Baadaye fizio akanambia kikao kile chenyewe kinanyoosha mkanda uleule, nirudi polepole, sekunde chache kwanza. Nikarudi. Leo nakaa tahiyatu yote.

Karibuni, ulizeni, na mwenye uzoefu aongeze.

---

Fundi_Kobazi

Pole sana mwalimu na hongera kwa kuandika. Mimi nashona viatu mwaka wa 19 sasa, na wenye visigino vibovu wanaanzia kwangu kabla hawajafika hospitali, kwa sababu wote wanadhani kiatu kimetoboka.

Niongeze kwenye viatu. Raba ya mtumba ni nzuri kuliko kiatu kipya cha bei rahisi, ila ujue kuichagua. Ishike mbele na nyuma uipinde. Ikipinda pale vidole vinapoishia, chukua. Ikikunjika katikati kama daftari, rudisha. Kisha isokote kama unakamua nguo. Ikisokoteka yote, haina kitu ndani. Bonyeza kwa nyuma pale kisigino kinapoingia, pawe pagumu. Halafu igeuze utazame soli: kama imelika upande mmoja, yule wa kwanza alikuwa anakanyaga upande, na wewe itakulaza upande huohuo.

Soli ya ndani msinunue ile ya sponji laini sana. Ukibonyeza kwa kidole ikagusana chini, mwili wako utaibonyeza siku moja tu na kazi yake imekwisha. Mimi hukata ile povu ngumu ya mikeka ya mazoezi, napandisha kidogo pale kwenye upinde, nasawazisha na msasa. Na katambuga za matairi, ingawa ni kazi ya mikono yetu na nazipenda, kwa kisigino kibovu ni ngumu mno.

---

Soja_wa_Geti

Salamu kutoka Nairobi. Mwalimu umenielezea mimi kabisa. Mimi ni soja, nasimama geti masaa kumi na mbili, usiku, na gambuti. Miguu yote miwili, wa kushoto ndio mbaya. Shida ni moja: kwa kazi yangu stuli hakuna. Ukipatikana umekaa unafutwa. Sasa mtu kama mimi anafanya aje?

---

Mwalimu_wa_Pwani

Pole sana kaka. Swali lako limenikaa moyoni kwa sababu wengi wako kama wewe, hawawezi kuchagua kukaa.

Kwanza hiyo gambuti. Ndani yake hakuna kitu cha kuushikilia unyayo, mguu unaelea. Kama sheria ya kazi inataka gambuti, weka soli ya ndani ngumu kama alivyoeleza Fundi, na soksi nene. Kama si lazima usiku usio na mvua, vaa buti ya kamba.

Pili, kusimama tuli ni kubaya kuliko kutembea. Tafuta tofali moja uliweke karibu na geti, mguu mmoja juu yake, baada ya dakika kadhaa badilisha. Hakuna bosi atakayesema umekaa. Kila saa, sukuma ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimeshika chini, uvute shavu la mguu. Shavu likikaza linauvuta mkanda wa unyayo, maana yote yamejishika kwenye mfupa mmoja wa kisigino. Hilo ni la nusu dakika na unaliona geti.

Tatu, ukitoka zamu: jaza maji kwenye chupa ya plastiki, igandishe, uiviringishe chini ya unyayo dakika kama kumi, na kitambaa katikati. Lakini soma kwanza atakachosema mtu wa sukari kama yupo humu.

---

Baraza_la_Wazee

Binti, sayansi ni nzuri lakini mguu unaouma bila jeraha sisi tunaujua. Umekanyaga kitu. Kuna watu wanatega njiani. Nenda kachanjwe utoe, utanishukuru.

---

Mwalimu_wa_Pwani

Shikamoo mzee wangu. Mama yangu alisema hayohayo, kwa hiyo sikukasirika. Alinichua kwa mafuta ya nazi na karafuu kila jioni mwezi mzima, na ile kuchua ilinipa raha ya kweli, naendelea nayo mpaka leo.

Kuchanjwa chini ya unyayo, hapana, na naomba wengine wasijaribu. Ngozi ile unaikanyagia siku nzima, kidonda chake hakifungi upesi na wembe unaweza kuleta pepopunda. Na kama nilitegwa, nimetegwa pamoja na nusu ya walimu wa shule yangu, maana nilipoanza kuuliza ofisini wanne walinyoosha mkono.

---

Dada_wa_Famasi

Nafanya kazi duka la dawa na watu wa kisigino nawahudumia karibu kila siku. Mambo matatu tu.

Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu, hazijengi mkanda. Siku chache sawa. Ukizimeza miezi, tumbo linapata vidonda, figo zinaumia, presha inapanda. Mwenye presha au figo asinunue bila kumwuliza daktari. Naona watu wanazimeza asubuhi ili waweze kufika kazini, mwaka mzima. Inaniuma sana.

Sindano ya steroidi kwenye kisigino: inaweza kukupa nafuu wiki chache. Ila ikirudiwarudiwa inaweza kukondesha ile nyama ya mafuta inayokinga kisigino, na mkanda unaweza kukatika. Iwe ni uamuzi wenu na daktari, si cha kukimbilia wiki ya kwanza.

La tatu hamlijui wengi. Kama maumivu yako ni nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene inayopanda, na yameanza ghafla ukiwa unatumia siprofloksasini, ile antibiotiki, au umemaliza hivi karibuni, rudi hospitali na uwaambie jina la dawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali tangu 2008 kwamba antibiotiki za kundi hilo zinaweza kuchana kano, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Na huku kwetu siprofloksasini inamezwa kwa kila UTI na kila taifodi.

---

Mzee_wa_Sukari

Mimi ndiye mtu wa sukari, mwaka wa 11. Mwalimu umefanya vizuri kuacha nafasi.

Wenzangu, sisi maumivu yetu mengine si ya mkanda. Kama unyayo unawaka moto usiku, unachomachoma, au umekufa ganzi, hiyo ni mishipa ya fahamu. Chupa ya barafu kwetu ni hatari, na maji ya moto ya chumvi ni hatari zaidi. Mimi niliingiza mguu kwenye beseni nisijue maji yanachemka, mke wangu ndiye aliyeona ngozi inanyanyuka. Wiki saba za kusafisha kidonda. Pima maji kwa kiwiko, au mwite mtu. Kagua nyayo kila jioni kwa kioo. Peku usitembee hata ndani.

Na ambaye hajawahi kupima sukari na miguu inamwaka, akapime kesho.

---

Mama_Watatu

Nauliza, mtoto naye anapata? Wangu wa kiume ana miaka 11, anacheza chandimu kila jioni, wiki ya tatu anachechemea visigino vyote viwili. Baba yake anasema anadeka.

---

Fizio_Moshi

Mama, hadeki. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 ana sehemu ya mfupa wa kisigino ambayo bado inakua, na kano ya kisigino inaivuta kila anaporuka na kukimbia. Mbane kisigino pande mbili kwa viganja, ukiona anaruka kwa maumivu, hapo ndipo. Mpunguzie mpira wiki chache, asicheze peku kwenye ardhi ngumu, wekea kisigino kitu laini ndani ya kiatu, anyooshe mashavu ya miguu. Mfupa ukikomaa inaisha yenyewe. Lakini akiwa na homa, uvimbe, au mguu mmoja tu unauma hata akiwa amelala, mpeleke hospitali haraka.

Kwa watu wazima pia niongeze za kuharakisha hospitali: umesikia "pa!" ukashindwa kunyanyuka kwa vidole, maumivu yanayokuamsha usiku, kubana kisigino pande mbili kunauma kuliko kubonyeza chini, hasa kwa mkimbiaji, kwani mfupa unaweza kuwa na ufa, au kijana mwenye visigino vyote viwili na mgongo uliokakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, huo ni ugonjwa mwingine kabisa wa baridi yabisi.

Na wanaohitaji viatu tiba vya kupimwa, wataalamu wanafundishwa hapa nchini, chuo cha viungo bandia cha TATCOT pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kipo tangu 1981. Ulizeni kitengo cha viungo bandia kwenye hospitali kubwa iliyo karibu nanyi. Watu wanajua wanatengeneza miguu bandia, hawajui kwamba hata soli ya ndani wanatengeneza.

---

Mwalimu_wa_Pwani

Fizio, asante sana. Hili la kubana pande mbili sikulijua.

---

Soja_wa_Geti (baada ya wiki 9)

Mwalimu, nimerudi na ripoti. Tofali niliweka usiku uleule. Buti ya kamba nilipata Gikomba, nikaipinda na kuisokota vile Fundi alisema, muuzaji akaniuliza kama nataka kununua ama kuvunja. Zoezi la vidole nafanya kabla ya kushuka kitanda, la ngazi nafanya kwa ngazi ya ploti nikitoka zamu.

Wiki mbili za kwanza hakuna kitu. Wiki ya tatu ikazidi kuuma, nikataka kuwacha. Sasa mguu wa kulia ni kama hauna shida. Wa kushoto asubuhi unauma hatua nne, tano hivi, halafu basi. Kitambo nilikuwa nashikilia ukuta mpaka choo.

---

Mwalimu_wa_Pwani

Kaka, nimesoma ujumbe wako darasani wakati wa mapumziko na nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa mguu wangu. Ile wiki ya tatu nami niliipitia. Fizio wangu alinipa kipimo: maumivu ya zoezi yakiwa yamerudi chini kesho yake asubuhi, endelea, yakiwa yamezidi asubuhi, punguza idadi ya kupanda, usiache. Kwa mguu wa kushoto ongeza mzigo taratibu tu, hata kilo mbili za unga ndani ya begi.

---

Mama_Watatu

Kijana anaendelea vizuri, amerudi uwanjani na raba. Mwalimu, na wewe umepona kabisa? Ulianza lini tena kutembea peku?

---

Mwalimu_wa_Pwani

Alhamdulillah. Msumari wa asubuhi uliniacha mwezi wa kumi na moja tangu uanze. Mwezi uliopita nilisimamia mtihani siku mbili mfululizo na jioni nikasikia tu uchovu wa kawaida.

Peku bado dada yangu. Naenda peku msikitini kwenye zulia na ufukweni kwenye mchanga wa maji. Nyumbani kobazi ziko palepale pembeni ya kitanda.